Darwin Aadhimishwe Kasese kwa Macho, si kwa Makofi

Kila Februari 12, wapenzi wa sayansi katika nchi nyingi hukumbuka kuzaliwa kwa Charles Darwin, mwandishi na mtafiti Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1809 katika mji wa Shrewsbury. Kwingine huandaliwa mihadhara vyuoni, kwingine maonyesho kwenye makumbusho. Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, nayo ina watu wa siku hiyo. Mwaka 2011 ilifunguliwa huko shule ya msingi ya Kihumanisti, na nyuma yake ipo jamii ya watu wanaoshika maadili ya utu na kuiheshimu sayansi bila kuyafungamanisha hayo na dini yoyote. Kwa watu kama hao, Darwin ni zaidi ya jina la kukariri kwa ajili ya mtihani.

Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza: mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyingi, aliyefariki mwaka 1882 bila kukanyaga Afrika Mashariki, anamhusu nini mkulima wa kahawa wa Kyarumba au mama anayehangaika na mizigo yake kwenye mpaka wa Kongo, Mpondwe? Mcheza kwao hutunzwa. Uganda ina Okot p'Bitek. Waswahili tuna Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, karne moja baada ya Darwin. Kwa nini basi tumkatie keki mtu wa Shrewsbury?

Jibu langu ni kwamba kama kuna mahali duniani panapostahili kumkumbuka Darwin, Kasese na mji wake wa Bwera zimo mstari wa mbele, pengine kuupita hata mji aliozaliwa. Mambo aliyoyaandika yanaonekana huko waziwazi: shambani, porini, hospitalini na mlimani. Kwa sababu hiyohiyo, kukusanyika chini ya picha yake, kusikiliza hotuba tatu na kupiga makofi ni kumpunja yeye na kujipunja sisi. Sherehe ya Darwin ikiwa haina kuangalia, kuhesabu na kuuliza, ni afadhali siku hiyo watoto waendelee na masomo yao.

Tuanze shambani, maana Darwin mwenyewe alianza huko. Kitabu chake kikuu kuhusu asili ya spishi kilitoka Novemba 24, 1859, chapa ya kwanza ikiwa ya nakala 1,250, na zile zilizotengwa kuuzwa zilichukuliwa zote na wauza vitabu mara moja. Anayekifungua akitarajia kukutana na sokwe ukurasa wa kwanza atashangaa. Sura ya kwanza inazungumzia mifugo na mimea ya nyumbani, na sehemu kubwa yake ni njiwa. Darwin alifuga njiwa, akajiunga na vyama vya wafuga njiwa wa London, akakaa nao na kuwadadisi wanachaguaje. Aliona kuwa mfugaji, kwa kuamua tu nani azaliane na nani, anaweza kupata ndege wasiofanana hata kidogo na mababu zao. Akajiuliza: ikiwa mkono wa mtu unaweza kufanya hayo, njaa, ukame, maradhi na maadui vitashindwa nini vikipewa maelfu ya miaka?

Sasa mtazame mama wa Bwera baada ya mavuno ya maharage. Anayamwaga kwenye mkeka, anayapepeta, kisha anaketi kuchambua. Yaliyotobolewa na wadudu anayaweka kando. Madogo na yaliyokunjamana yanakwenda jikoni. Yale manene, yenye rangi na ladha anayoitaka, anayatenga kwa mbegu, na pengine anayachanganya na majivu ili yasiliwe. Msimu ujao atafanya hivyohivyo, kama alivyofanya mama yake na bibi yake. Hajasoma biolojia ya kidato cha sita, lakini kazi ya mikono yake ndiyo mada ya sura ile ya kwanza. Mtoto akianza kuelezwa mageuko ya viumbe akiwa ameketi kando ya mkeka huo, hataweza tena kuyaita hadithi za Wazungu.

Kutoka shambani twende porini. Anayesafiri kutoka Kasese kwenda Bwera anapita kwenye ardhi ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga na kupewa jina la malkia mwaka 1954. Katika miaka ya 1970, enzi za Idi Amin na vita vilivyofuata, tembo wa hifadhi hiyo waliuawa kwa bunduki kama mchezo. Waliokuwa maelfu walibaki takriban 150 kufikia mwaka 1980. Aliyelengwa kwanza ni yule mwenye pembe kubwa. Tembo aliyezaliwa bila pembe, jambo ambalo zamani lilikuwa nadra, hakuwa na faida kwa jangili. Aliachwa, na aliyeachwa ndiye aliyezaa.

Mtafiti Mganda Eve Abe alizifuatilia habari za tembo hao na kueleza matokeo yake. Wasio na pembe, waliokuwa karibu asilimia 1 mwaka 1930, walikuwa wamefikia takriban asilimia 15 kwa majike kufikia mwaka 1998. Hakuna tembo aliyekaa na wenzake wakaazimia kuacha kuota pembe. Risasi ziliwaondoa wazazi wenye pembe, na watoto wakarithi kutoka kwa waliosalia. Darwin aliuita mchujo wa namna hiyo uteuzi asilia, ingawa hapa aliyeshika bunduki ni binadamu. Yeye alidhani mambo haya huenda polepole mno kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuyashuhudia katika maisha yake. Wazee wa Katwe na Kikorongo, walioishi na tembo hao tangu utoto, wameyashuhudia.

Ushahidi wa tatu umo ndani ya damu. Mwaka 1949, watafiti Lehmann na Raper walichapisha matokeo ya kupima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Uganda. Walipofika kwa Waamba wa Bundibugyo, upande wa pili wa milima ya Rwenzori ukitokea Kasese, walikuta wabebaji wa jeni ya sikoseli wakikaribia nusu ya watu waliopimwa. Kiwango hicho kiliwashangaza wanasayansi. Sikoseli, ambayo wengine tunaiita selimundu, iliwaua watoto wengi kabla hawajafikia umri wa kuzaa. Kwa hesabu ya kawaida, jeni yake ingepaswa kufifia kizazi hadi kizazi. Iliwezaje kuenea namna ile?

Jibu lilikuja mwaka 1954 kutoka kwa Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya na kufanya uchunguzi wake Uganda na Kenya. Anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui sikoseli, na zaidi ya hapo amekingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Mahali palipojaa mbu, watoto wenye jeni moja walipona kuliko wenzao, wakakua, wakazaa. Jeni ikabaki, na gharama yake ikalipwa na ndugu zao waliozaliwa nazo mbili. Mfano huo sasa umo katika vitabu vya biolojia duniani kote, na wanafunzi wa Tokyo na Toronto wanaujibia mitihani. Itakuwa aibu ikiwa mwanafunzi wa Kasese ataukariri kama habari ya nchi za mbali, ilhali unamhusu jirani yake na huenda unamhusu yeye mwenyewe. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 13.3 ya watoto wachanga na wadogo waliopimwa nchini Uganda walikuwa wabebaji.

Malaria inatufundisha somo jingine la Darwin, na hili ni la kila nyumba. Wazazi wetu walitibiwa kwa klorokwini mpaka ikaacha kufanya kazi. Vimelea vilivyoweza kuivumilia vilipona, vikaongezeka, na hatimaye dawa ikawa haina maana. Uganda ikahamia kwenye dawa mseto, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Coartem, dozi sita kwa siku tatu. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kuwa kaskazini mwa Uganda wamekuta vimelea vinavyoanza kuivumilia artemisinini, ambayo ni kiungo muhimu cha dawa hiyo. Mtoto wa Bwera akipata nafuu siku ya pili, akianza kucheza, na vidonge vilivyosalia vikawekwa kabatini kumsubiri mgonjwa mwingine, vimelea vilivyobaki mwilini ni vile sugu kuliko vyote. Anayemwelewa Darwin anamaliza dozi. Sijui hotuba gani ya siku ya kuzaliwa kwake ingekuwa na faida kubwa kuliko kumfikisha mzazi kwenye uamuzi huo mmoja.

Kuna na mlima wenyewe. Wakonzo, wenyeji wake, waliutambua Rwenzori kuwa makao ya mungu wao Kithasamba tangu zamani, kabla Duke wa Abruzzi kutoka Italia hajapanda kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, mwaka 1906. Anayepanda kutokea Kilembe au Nyakalengija anapita msitu, kisha mianzi, na juu zaidi anakutana na senesio na lobelia kubwa zinazompita kimo. Jamaa za mimea hiyo sehemu nyingine za dunia ni magugu ya kawaida. Huku juu zimekuwa kama miti, zikajifunika kwa majani makavu na kufunga majani mabichi kuzunguka chipukizi usiku ili baridi isiziue. Kilimanjaro ina senesio zake, Mlima Kenya una zake, Rwenzori ina zake. Kila mlima, ukizungukwa na nyanda za joto zisizopitika kwa mmea wa baridi, ni kisiwa. Darwin alizunguka visiwa vya Galápagos kwa wiki tano hivi mwaka 1835, na alichokiona huko kikamsumbua akili miaka mingi. Wabeba mizigo na waongozaji wa Rwenzori wanapanda na kushuka kisiwa cha namna hiyo kila msimu, na mimea hiyo wanaijua kwa majina ya Kilhukonzo.

Na kwa wanaodhani habari hizi zote zinaanzia Ulaya, warudi kwenye kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya mwanadamu. Humo Darwin alisema kuwa inaelekea mababu wa kwanza wa binadamu waliishi Afrika, kwa kuwa sokwe na gorila wanaotukaribia zaidi wanaishi huku. Wenzake wengi hawakutaka kusikia. Walipenda asili yetu itafutwe Ulaya au Asia. Miaka 100 baada ya kitabu cha 1859, Julai 1959, mtafiti Mary Leakey aliokota fuvu maarufu la Olduvai, Tanzania, na Afrika ikaanza kupewa haki yake. Kwa watu wa Bwera ushahidi upo karibu zaidi. Ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, mahali Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, ndipo penye Ishango. Huko mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye mistari iliyochanjwa kwa mpangilio, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 au zaidi, na ambao wengi wanaamini ulitumika kuhesabia. Ukiteremka kidogo na mto huohuo, huko Katanda, vilipatikana vyusa vya mfupa vya kuvulia samaki vilivyokadiriwa kuwa na miaka 90,000 hivi. Mfupa wa Ishango unatunzwa Brussels. Watoto wa Mpondwe, ambao wengine wana shangazi na wajomba upande ule wa mto, wengi wao hawajawahi kuona hata picha yake.

Nisije nikaeleweka kuwa namfanya Darwin mtakatifu. Alikuwa mtu wa karne ya 19, na katika kitabu hichohicho cha 1871 yamo maneno kuhusu watu aliowaita washenzi ambayo leo hayasomeki bila kukunja uso. Baada yake walikuja waliotumia jina lake kupanga binadamu kwa madaraja, na wakoloni walifurahia hesabu hiyo. Watoto waambiwe. Waambiwe pia kwamba Darwin aliuchukia utumwa maisha yake yote, na kwamba akiwa kijana Edinburgh alilipa ili afundishwe ufundi wa kuhifadhi ndege waliokufa. Mwalimu wake alikuwa John Edmonstone, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa Guyana. Ufundi huo ulimfaa sana alipokuwa safarini kwenye meli ya Beagle. Mtu anayekumbukwa pamoja na makosa yake anafundisha zaidi kuliko sanamu.

Limebaki suala ambalo watu wa Kasese wenyewe huliuliza mapema: na dini je? Wilaya hii ni ya waumini: Waanglikana, Wakatoliki, Waadventista wa Sabato, Wapentekoste, Waislamu. Siku nne tu baada ya Februari 12, Uganda nzima hupumzika kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977. Anayetaka kuifanya siku ya Darwin iwe jukwaa la kuwakejeli wachungaji anakosea mara mbili. Kwanza, anamsingizia Darwin, aliyesoma Cambridge akitarajiwa kuwa mchungaji, akapoteza imani polepole, na mwaka 1879 akaandika kwamba hakuwahi kuukana moja kwa moja uwepo wa Mungu. Alizikwa ndani ya Westminster Abbey, kanisa wanamotawazwa wafalme wa Uingereza. Pili, anawafunga masikio wazazi ambao watoto wao ndio hasa wanaohitaji elimu hii.

Nao viongozi wa dini wasiwatishe watu. Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ya viumbe ni zaidi ya dhana tupu, na Wakatoliki wengi wanaishi na fundisho hilo bila kutikisika. Wapo Wakristo na Waislamu wasiolikubali, na hakuna wa kuwalazimisha. Lakini kumkataza mtoto kusikiliza hoja, au kumwambia mzazi kuwa shule inayoitaja sayansi hii imemwabudu shetani, ni kumnyima mtoto chombo atakachokihitaji atakapokuwa muuguzi wa hospitali ya Kagando au ofisa kilimo wa Bwera. Kuuliza si ujinga, na sijaona kitabu kitakatifu kilichosema ni dhambi.

Basi siku yenyewe iwe vipi? Ningeipanga hivi. Asubuhi watoto watoke nje. Darwin alitunga kitabu chake cha mwisho, mwaka 1881, juu ya nyungunyungu, wale minyoo wa udongoni. Aliwaweka kwenye vyungu, akawapigia filimbi na piano kuona kama wanasikia, akapima jinsi wanavyougeuza udongo, na kitabu hicho kiliuzika kwa maelfu. Chupa ya plastiki iliyokatwa, tabaka la mchanga, tabaka la udongo mweusi, majani makavu juu na nyungunyungu watano kutoka kwenye shamba la kahawa: gharama yake ni sifuri. Watoto waweke alama tabaka zilipo, wakague kila wiki, waandike walichoona. Kufikia mwisho wa muhula watajua wenyewe ni nani anayerutubisha migomba ya nyumbani.

Mchana waitwe wakulima na wazee waje na mbegu zao na majina ya Kilhukonzo ya ndege, mimea na vinyonga, yule mwenye pembe tatu asisahaulike, na mwanafunzi mmoja ayaandike daftarini. Darwin aliwauliza watunza bustani, wafuga njiwa na mabaharia. Barua zake zilizobaki, alizoandika na alizopokea, ni kama 15,000. Asingepita Bwera bila kuuliza. Aalikwe askari wa wanyamapori aeleze habari za tembo. Lugha ya mkutano iwe Kilhukonzo na Kiswahili, ambacho soko la Mpondwe linakitumia na ambacho serikali ya Uganda mwaka 2022 iliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Maana shuleni mageuko ya viumbe hufundishwa kwa kina katika kidato cha tano na sita, kwa Kiingereza, wakati watoto wengi wa wilaya hiyo wameshaacha shule.

Halafu liwepo jambo moja ambalo halifai kukosekana: meza ya kupima sikoseli, kwa makubaliano na hospitali, kwa vijana wanaokaribia kuoa na kuolewa na kwa wazazi wenye watoto wachanga, kwa hiari na kwa siri. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Ni hesabu ambayo kijana anapaswa kuijua kabla ya harusi, si baada ya msiba.

Waandaaji wa Kasese na Bwera, walimu, machifu wa ufalme wa Rwenzururu, mapadri, wachungaji na mashehe, siku hiyo ni yenu nyote mkitaka. Anayemwamini Darwin na asiyemwamini wanaugua malaria ileile na wanazaa watoto wenye damu ileile. Sherehe ikimalizika na kukawa na vijana 30 wanaojua hali ya damu yao, na mama mmoja aliyeapa kumaliza dozi ya mwanawe, itakuwa imefanikiwa, hata kama picha ya mzee mwenye ndevu haikubandikwa ukutani.